Mkono Mgongoni

Baba yangu hakuwahi kuupanda mlima wa Ipogolo akiwa ameketi juu ya baiskeli. Aliikokota. Miaka yote niliyokaa nyumbani nilimwona akiupanda mlima ule kwa miguu, kifua kimelala karibu na usukani, mkono wa kulia umeshika kijiti alichokifunga nyuma ya kiti, na kwenye keria magunia mawili ya mkaa yamesimama kumzidi kimo. Anayeijua Iringa anaujua mlima huo. Mji umekaa juu ya ukingo, barabara kuu ya Mbeya inapita bondeni karibu na mto Ruaha Mdogo, na ukitaka kutoka huko chini kwenda sokoni, utapanda tu. Malori yenyewe huunguruma pale kwa gia ndogo, madereva wakiangalia kipimo cha joto la injini.

Mkaa alikuwa akiufuata mbele ya Tanangozi. Aliondoka usiku, akarudi mchana na mzigo, akapumzika kidogo nyumbani kwetu Ipogolo, kisha akaukabili mlima. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix nyeusi. Keria ya kiwandani aliing'oa, akachomelewa nyingine ya nondo. Alikuwa na elimu yake kuhusu baiskeli ile, na mara nyingi aliniambia mambo ambayo sikumwomba aniambie. Kwamba upepo usijazwe sana kwenye tairi kama njia ina mawe. Kwamba mzigo ufungwe karibu na mwili. Kwamba baiskeli yenye mzigo haikabwi: ushike usukani kama unavyomshika mtoto mkono, si kama unavyomshika mwizi.

Ada yangu ya shule ilitoka kwenye magunia hayo.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa huko juu mjini. Alasiri moja tulikuwa wasichana wanne tukishuka kurudi nyumbani. Wenzangu watatu walikuwa watoto wa watumishi wa serikali, na mimi nilikuwa nimewaacha waamini kwamba baba yangu ana duka. Tulipofika kwenye kona nikamwona. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, baiskeli ameiegemeza kwenye nyonga, jasho limechora michirizi kwenye vumbi jeusi la usoni. Akaniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo shuleni hakuna aliyelijua. Mwenzangu mmoja akauliza, "Yule muuza mkaa anamwita nani?" Nikasema, "Simjui." Akaita tena, safari hii akainua na mkono. Nikasema, "Labda amenifananisha." Tukapita.

Siku ile aliingia usiku kuliko kawaida. Akanawa, akala, akaniuliza kama hesabu bado zinanisumbua. Hakusema lolote jingine. Nami sikusema. Siku zikawa miaka. Nilimaliza shule, nikasomea uuguzi, nikaolewa, nikaachika, na mwaka 2012 nikafika Ubelgiji. Popote nilipokwenda neno lile "simjui" lilinifuata. Nililizoea kama mtu anavyozoea kijiwe ndani ya kiatu, akajifunza kukanyaga kwa upande.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee mjini Gent. Mtu mgeni akifika mji ule, kitu cha kwanza kinachomshangaza ni baiskeli. Pale stesheni zimeegeshwa kwa maelfu. Daktari wetu anakuja kazini kwa baiskeli. Kina mama wenye mavazi ya ofisini wanapita wakiwa na watoto wawili kwenye sanduku la mbele. Mimi kwa miaka tisa nilipanda tramu. Wenzangu waliniuliza kwa nini, nikawajibu kwamba sijui kuendesha. Huo ulikuwa uongo. Nilijifunza nikiwa na miaka saba, kwa mtindo wa watoto wote wa kwetu, mguu umepitishwa kwenye pembetatu ya fremu kwa sababu kiti hakifikiki. Baiskeli niliijua. Sikutaka mtu wa Ulaya anione juu yake akapata picha ya nilikotoka. Na walipouliza kazi ya baba, nilisema ni mfanyabiashara.

Aliyeanza kuniondoa hapo alikuwa mzee mmoja kwenye chumba cha mwisho cha ukumbi wetu. Alikuwa amevuka miaka 85, alifanya kazi kiwandani tangu ujana, na miguu ilikuwa imemkataa. Aliniita *zuster*, ambalo kwa Kiholanzi ni dada, na pia ndivyo wazee wa kule wanavyomwita muuguzi. Ukutani kwake hapakuwa na picha ya mtakatifu wala ya mfalme. Palikuwa na bendera ya njano yenye simba mweusi, na picha ya waendesha baiskeli waliopakwa matope mpaka hujui huyu ni nani na yule ni nani.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za mashindano ya baiskeli ya Ronde van Vlaanderen, Mzunguko wa Flanders. Mashindano hayo yalianza mwaka 1913. Aliyeyaanzisha, Karel Van Wijnendaele, alikuwa mwandishi wa gazeti la michezo la Sportwereld, mtoto wa familia maskini. Kila mwaka, kuingia Aprili, wanaume na wanawake wanaolipwa kwa kazi hiyo hupambana kwenye vilima vifupi vilivyo kusini mwa jimbo hilo la Flanders, kuzunguka mji wa Oudenaarde. Vilima hivyo si virefu. Mtu wa Iringa akiviona kwa mbali hatavihesabu. Ubaya wake ni kwamba vimesimama wima, na njia zake zimepangwa mawe ya zamani, yenye migongo ya mviringo na nafasi katikati. Watu wa kule huyaita *kasseien*. Mzee wangu alitumia jina la utani, *kinderkopjes*, vichwa vya watoto. Nilipolielewa jina hilo nilinyamaza kidogo.

Alipenda zaidi kusimulia Koppenberg. Kilima hicho kina mita 600 hivi, na penye ukali kuliko pote mwinuko unafika asilimia 22. Eddy Merckx mwenyewe, ambaye Wabelgiji humtaja kama mkubwa kuliko wote, aliwahi kushuka pale akatembea. Mwaka 1987 Mdenishi Jesper Skibby alikuwa akiongoza peke yake, akaanguka katikati ya kilima, na gari la mkurugenzi wa mashindano likapita juu ya baiskeli yake huku mguu wake ukiwa bado karibu na pedali. Koppenberg ikaondolewa kwenye njia, isirudi mpaka mwaka 2002. Mzee alisimulia kisa hiki kila wiki, na kila wiki alipandwa na hasira upya.

Siku moja akaniuliza kama baba yangu aliwahi kuwa na baiskeli.

Sijui kwa nini siku ile sikusema uongo. Labda kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti nikimvalisha soksi, na hakuwa akiniona uso. Nikamwambia kila kitu: Phoenix, nondo, magunia mawili, mlima. Yule mzee akanisikiliza, akataka kujua uzito. Nikamwambia magunia mawili yaweza kufika kilo 100 na kuzidi. Akataka kujua mlima ni mrefu kiasi gani. Kisha akaniomba nimwoneshe kwa mikono jinsi kijiti kile kilivyofungwa. Alipokiona akasema kwa sauti ya chini, "*Flandrien*." Ndilo jina la heshima wanalompa mwendesha baiskeli mgumu, asiyekwepa mvua wala mawe. Hawaligawi ovyo. Na mtu aliyekuwa amepewa jina hilo nilimkana mbele ya wasichana watatu ambao leo siwakumbuki vizuri hata sura.

Mwezi uliofuata nilinunua baiskeli iliyokwishatumika.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano yenyewe, njia zile hufunguliwa kwa watu wa kawaida. Watu kama 16,000 hujiandikisha: mafundi bomba, walimu, babu na wajukuu, wageni kutoka nchi nyingi. Kuna njia ndefu inayozidi kilomita 200, na nyingine za kati. Nilichagua ile fupi, isiyofika kilomita 80, inayoanzia Oudenaarde na kurudi hapo hapo. Fupi kwa kilomita tu, maana Koppenberg imo, Taaienberg imo, Oude Kwaremont imo, na Paterberg imo.

Nilijizoeza majira mawili ya baridi. Sitasema mengi kuhusu hayo, ni kuendesha gizani na kurudi na miguu isiyohisi kitu. Nitakachosema ni kwamba kila jambo nililofundishwa na vijana wa klabu niliokuwa nikitoka nao, nilikuwa nimeshaambiwa. Wakisema punguza upepo kwenye tairi ili gurudumu lisirukeruke juu ya mawe, nilimsikia baba. Wakisema kaa kitini unapopanda, usisimame, maana ukisimama gurudumu la nyuma linapoteza uzito na kuteleza, nilimsikia. Wakisema legeza mikono, acha baiskeli ichague, ilikuwa karibu nilie barabarani.

Mwaka ule, 2024, Ronde iliangukia Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi. Siku yetu ikawa Jumamosi Kuu. Ijumaa Kuu jioni nilikwenda kanisani. Ikasomwa habari ya mateso, nami tangu utoto naijua, naijua zamu ya kila mtu. Lakini ilipofika pale uani, penye moto wa makaa, Petro anaulizwa kama naye ni mwanafunzi wa yule mtu, sikuweza kuendelea kusimama. Niliketi wakati watu wote wamesimama. Moto wa makaa. Miaka yote sikuwa nimeusikia moto ule.

Asubuhi ya Jumamosi Oudenaarde ilikuwa baridi na imejaa watu. Sikuwa na hamu ya kuzungumza na mtu. Kilomita za mwanzo zilipita nikiwa nimejificha nyuma ya migongo ya wengine, jambo ambalo ni halali kabisa, hukukinga upepo. Kisha bonde likafunguka upande wa mto Schelde, tukakunja, na mbele yetu ikawa imening'inia Koppenberg.

Ukiwa chini huoni kilima. Unaona handaki. Kingo za udongo zimeinuka pande zote mbili, miti imefunika juu, na katikati pana utepe wa mawe unaong'aa unyevu, umejaa watu kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaingia kwa gia ndogo kuliko zote. Mita 100 za kwanza nilikwenda. Mawe yalinipiga viganjani, mabegani, kwenye meno. Chupa ya maji ya mtu wa mbele ikaruka kutoka kwenye kishikizo chake, ikaviringika kati ya magurudumu. Huku kushoto mwanamume akayumba, akamgonga mwenzake, wote wawili wakaweka miguu chini, na nyuma yao kila mtu akasimama, kwa sababu pale akisimama mmoja wamesimama wote. Nami nikasimama.

Pale kwenye mawe, kwenye mwinuko ule, huwezi kupanda tena baiskeli. Ukiinua mguu gurudumu linateleza. Nikajua kwamba itanibidi niikokote.

Aibu ilinipanda kutoka tumboni, aibu yenyewe ya mwaka 1996, haijapungua hata chembe. Watu walikuwa wamesimama juu ya kingo wakitazama. Nilitaka kujifanya nakaza viatu. Kisha watu wa nyuma wakaanza kutembea, ikabidi nami nitembee. Mkono wa kushoto ukashika usukani. Mkono wa kulia, bila kuambiwa, ukaenda nyuma ukashika kiti. Kifua kikalala. Goti la kulia likatangulia, kisigino cha kushoto kikajikita ubavuni mwa jiwe. Hapo nikatambua kwamba mwili wangu unaijua kazi hii. Sikuwa nimewahi kuifanya maishani. Nilikuwa nimeitazama tu, kila siku, miaka kumi na saba.

Wengi walikuwa wamevaa viatu vya baiskeli vyenye chuma chini, wakiteleza kama mbuzi kwenye sakafu. Mimi nilikuwa na raba. Mama mmoja mbele yangu alishindwa kabisa, amebaki ameikumbatia baiskeli yake inayorudi nyuma. Nikamwambia kwa Kiholanzi changu, "Lala kwenye usukani. Shika kiti. Usiikabe." Akafanya. Tukapanda sambamba, hatua kwa hatua, na pumzi yangu ikawa inatoa mlio niliokuwa naufahamu, ule mguno mfupi wa kila hatua ya tatu. Nilikuwa nausikia nikiwa ndani, baba akiingiza mzigo uani.

Nililia Koppenberg yote. Hakuna aliyeona, wote walikuwa wakitazama chini.

Baada ya hapo siku ilibadilika. Sisemi kwamba ilikuwa nyepesi. Mteremko mmoja wa mawe ulinitisha kuliko vilima. Taaienberg niliipanda yote nikiwa kitini, nikifuata mgongo wa njia ambako mawe yamekaa vizuri zaidi. Kwenye kituo cha chakula nilikula waffle tatu na machungwa, nikanywa chai ya moto, nikaendelea. Oude Kwaremont ina kilomita 2 na zaidi, na ukatili wake ni wa namna nyingine: haikutupi chini, inakuchosha kidogo kidogo, na ukidhani umefika juu, mawe yanaendelea kwenye uwanda wa upepo. Nikafika juu nikiwa na malengelenge mawili kiganjani.

Paterberg ndiyo ya mwisho. Wanasema mkulima wa pale aliipanga mawe njia ya kando ya shamba lake miaka ya 1980 kwa kutaka Ronde ipite mlangoni kwake, na mwaka 1986 ikapita. Mita 360 tu, lakini mwinuko unafika asilimia 20. Unaiona yote kutoka chini, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Hapakuwa na msongamano. Njia ilikuwa wazi, na hapakuwa na kisingizio.

Nikafika nusu. Nikapita nusu. Mita kama 50 kabla ya kilele miguu ikaanza kuzunguka polepole mno, gurudumu la mbele likatafuta ukingo, nikajua naanguka. Ndipo nikahisi kiganja mgongoni. Kiganja kizima, kimefunguka, chini kidogo ya mabega. Hakikunisukuma kwa nguvu. Kilinibakiza nilipokuwa, pedali ikapata muda wa kuvuka pale juu inapokuwa nzito, kisha ikashuka, kisha nyingine. Sauti ya mwanamume ikasema, "*Allez, allez, allez*." Hatua zake nilizisikia zikikimbia kando yangu juu ya mawe. Sikugeuka, ningegeuka ningeanguka. Penye kilele kiganja kikaondoka, nikawa naenda peke yangu.

Zilibaki kilomita 13 hivi hadi Oudenaarde, njia tambarare. Sizikumbuki.

Siku ya Pasaka nilikuwa na zamu ya mchana. Tulikuwa tumewakusanya wazee wote mbele ya televisheni. Mvua ilikuwa imenyesha kwenye njia ya mashindano, na zikiwa zimebaki kilomita zisizofika 50 wakaingia Koppenberg. Mathieu van der Poel, aliyevaa jezi ya upinde wa mvua ya bingwa wa dunia, akapanda. Nyuma yake wakaanza kushuka. Mmoja, wawili, kisha kundi zima, watu ambao miguu yao ndiyo riziki yao, wakakokota baiskeli zao kwenye mawe yenye matope, wanateleza, wanashikana mabega. Van der Poel alishinda siku ile, mara yake ya 3, lakini chumba chetu kilikuwa kimenyamaza kabla ya hapo. Mzee wangu akanivuta mkono wa sare. "Zuster," akasema, "tazama mikono yao ilipo."

Mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye kiti.

Jumatatu ya Pasaka nilimpigia baba. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za kanisani na za mvua. Kisha nikamweleza nilichofanya Jumamosi. Alisikiliza kwa makini, maana mambo ya baiskeli huyasikiliza hivyo. Nilipomaliza akauliza, "Sasa mwanangu, ulikuwa umebeba nini?"

"Sikubeba kitu, baba. Chupa mbili za maji."

Akakaa kimya. Nadhani alikuwa akiupima mlima usio na mzigo, anatafuta mahali pa kuuweka. "Na hayo mawe, yana utelezi?"

"Yana utelezi sana. Pale penye mlima mmoja nilishuka, nikakokota."

"Ulifanya vizuri kushuka. Utelezi haulazimishwi, gurudumu la nyuma hukimbia. Ulishika wapi?"

Nikamwambia nilishika wapi. Akasema, "Ndiyo." Ndipo nilipotaka kusema lile neno langu. Lilifika kooni, likakaa. Nikamuaga, nikamwombea baraka, simu ikakatika nikiwa nimeishika.

Wanaonijua Gent watasema nilibadilika tangu siku ile, na ni kweli, ingawa mambo yenyewe ni madogo. Naenda kazini kwa baiskeli. Picha ya baba akiwa na Phoenix, ambayo dada yangu aliipata kwenye sanduku la mama, nimeibandika kwenye kabati langu la kazini, mkaa unaonekana. Aliyeniuliza nimemwambia: muuza mkaa. Na kila Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa kuegeshea magari ulio wazi siku hiyo, nawafundisha kina mama wenzangu kuendesha, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Guinea. Wengine wana miaka 50 na hawajawahi kukanyaga pedali. Nawakimbilia kando, kiganja mgongoni. Mzee wa chumba cha mwisho aliishi kuwaona mara moja kutoka dirishani, kisha majira ya vuli akatuacha.

Lakini yote hayo niliyafanya nikiwa bado na deni.

Septemba 2025 nilikwenda nyumbani. Ulikuwa wakati wa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, nayo kwa mara ya kwanza yalikuwa Afrika, mjini Kigali. Jumapili tarehe 28 nilimwekea baba kiti chini ya mwembe, nikamshikia simu, tukawatazama wanaume. Baba alikuwa na miaka 78. Macho yake bado mazima. Aliona vilima vya Kigali, aliona watu waliofunika kingo za barabara, watoto wakining'inia kwenye miti. Kisha wakaingia kilima cha Kimihurura, na barabara ikageuka mawe.

"Ndiyo hayo?" akauliza.

"Haya yamekaa vizuri zaidi, baba. Lakini ndiyo hayo."

Akainama kwenye kioo. Kila walipozunguka na kurudi Kimihurura aliacha kuzungumza. Tadej Pogačar alikuwa ameshaondoka peke yake, na nyuma watu walikuwa wakiacha mmoja mmoja. Mwisho wa siku waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilipoona anawatazama wale wa nyuma zaidi kuliko aliyeongoza, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, kama tulivyolelewa.

"Baba, kuna siku moja pale mlimani uliniita. Nilikuwa na wenzangu. Sikuitika."

Hakuniuliza siku gani. "Siku ya tairi," akasema.

"Unaikumbuka?"

"Tairi la nyuma liliishiwa upepo pale kwenye kona. Pampu nilikuwa nimemwazima mtu. Nikakuona unashuka, nikasema afadhali, huyu atanipa mkono kidogo mpaka pale panapolala."

Kwenye simu watu walikuwa wakishangilia. Nikapunguza sauti.

"Ulisikia nilichowaambia?"

"Nilisikia."

"Ukafanyaje, baba?"

"Nilifungua mzigo. Nikajitwika gunia moja, nikalipeleka juu, nikamwachia mama muuza karanga. Nikarudi kwa la pili. Nikarudi tena kwa baiskeli." Alisema kwa utaratibu, kama anayenielekeza njia. "Ijumaa ya wiki ile ada ilikuwa inadaiwa."

Niliomba msamaha. Sikuwa na maneno mengi, nililitumia lile lile moja. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu. Mkono wake bado ni mgumu kwenye vidole, mkaa ulishaingia ndani ya ngozi haukutoka.

"Na huyo aliyekusukuma kule kwenye mawe," akasema baadaye, "ulimwona uso?"

"Sikumwona."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaichukua simu mikononi mwangu, akaisogeza mbali na jua, akaitazama.

"Irudishe pale pa mawe," akasema. "Pale walipoanza kupanda."